Pembe la Mjomba

Mjomba wangu alizeeka, lakini akili yake ilibaki ya mtoto. Mvi zilimjaa kichwani na bado nilimfunga vifungo vya shati. Kule mlimani hakuna aliyemwona mzigo, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mpuliza pembe wa msaragambo. Siku ya kazi ya pamoja, labda kuzibua mfereji au kuziba ndiva, bwawa letu la maji, lililopasuka, alipuliza alfajiri na watu wakatoka na majembe. Jioni alipita nyumba hadi nyumba akila makande. Hakuna aliyesema anamsaidia. Si alikuwa amefanya kazi yake?

Tukahamishiwa bondeni, kwenye kijiji cha ujamaa. Huko watu waliitwa kwa chuma cha gurudumu la lori kilichotundikwa mtini, na mgongaji alikuwa katibu. Mjomba akabaki kukaa mlangoni kwangu, pembe lake mapajani. Watoto wakaacha kumwamkia.

"Babu mtoto, leo umenyonya?"

Wazazi wao walicheka.

Nikasimama mkutanoni. Darasa la jioni lilikuwa limenifundisha kusoma, na woga wa kusema mbele za watu ulikuwa umeniisha.

"Ndugu mwenyekiti, mpeni mjomba wangu agonge hicho chuma. Kuamsha watu anajua. Na yeye apate kula kwa jasho lake."

"Mama, hiyo ni kazi ya ofisi. Akigonga usiku wa manane, nani atajibu?"

"Wewe umetoka mlimani kama mimi. Aliwahi kukuamsha usiku wa manane?"

Akawageukia wajumbe. Wakapitisha kwamba nyumba zipokezane kumlisha, maana mimi nashinda kwenye shamba la kijiji. Makofi yakapigwa. "Ujamaa ndio huu!" alipaza sauti mmoja.

Mwanzoni sahani zilikuja. Kisha zikaja zimepoa, kisha ukawa ukoko tu, kisha hazikuja. Nilimuuliza jirani, "Dada, leo si zamu yako?"

"Kwani yeye amelima wapi?"

Asubuhi moja, katibu hajafika hata kwenye chuma chake, mjomba akapuliza pembe. Watu wetu wa mlimani wakatoka mbio na majembe begani, kama zamani. Walipoona hakuna kazi, wakaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Mwenyekiti akamnyang'anya pembe akalitundika ukutani ofisini. Mjomba alimfuata, akakaa kwenye mlango wa ofisi mpaka jua likazama. Nilimrudisha nyumbani nimemshika mkono. Tangu siku ile hakusema neno, na uji nilimlisha kwa kumbembeleza.

Halafu wageni wa wilaya wakatangazwa. Mwenyekiti akaja mwenyewe nyumbani, pembe limepakwa mafuta linang'aa.

"Shikamoo, mzee! Mama, mwambie atupulizie kesho, wageni waone mila zetu."

Mjomba akalipokea. Akaligeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mdomo wa pembe, kisha akaniwekea mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Amesahau?" mwenyekiti akauliza.

"Wagongee chuma chenu, ndugu mwenyekiti."

Sasa mjomba hayupo. Nasali asubuhi na jioni, sijaacha. Lakini nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, sauti inaniishia. Midomo inaendelea peke yake, na Mungu anajua.