Mtaalamu wa Mbegu Zilizokufa

Edward alikuwa mtu wa dharau, na hilo lisemwe mapema tusije tukamwonea huruma bure. Kwao ni Zuzu, kijiji cha nje ya mji wa Dodoma, lakini ukimwuliza atakujibu anakaa Kikuyu, mtaa wa mjini, basi. Salamu za makarani alizipokea kwa kidevu. Kisa? Alisomea Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, Dar es Salaam, na mwaka 2002, kampuni binafsi za mbegu ziliposhamiri Dodoma, moja ikamwajiri aiandikie programu ya ghala lake la Nzuguni.

Ndani ya mashine kila shehena ya mbegu ilikuwa kitu kimoja, na kila kitu kilizaliwa kupitia konstrakta, yaani kile kipande cha programu kinachokipokea kitu kinapoumbwa. Konstrakta ya Edward ilitazama matokeo ya upimaji wa uotaji, na shehena iliyoshindwa ikapigwa alama ya mbovu. Kazi nzuri, tumpe haki yake. Ila bwana mkubwa Edward akaamua alama hiyo isihifadhiwe kwenye faili.

"Ya nini kujaza diski?" alisema. "Faili likisomwa, vitu vinaumbwa upya, konstrakta inapiga alama upya."

Yasinta, mwandishi wa programu mwenzake wa meza ya pili, akamwuliza, "Una hakika konstrakta inaitwa wakati wa kusoma faili? Umejaribu kuzima mashine na kuiwasha?"

Edward akacheka puani. "Dada Yasinta, shughulika na yako. Kitu hakizaliwi bila konstrakta. Hayo tulifundishwa wiki ya kwanza."

Hakujaribu. Mjuaji ajaribu cha nini? Laiti angejaribu angeona kwamba Java ikisoma kitu cha namna ile kutoka kwenye faili, inakiumba bila kupita kabisa kwenye konstrakta yake. Yaliyohifadhiwa inayarudisha, yasiyohifadhiwa inayaacha kama yalivyo kabla mtu hajayagusa, na kwa swali la ndiyo au hapana, jibu linabaki hapana. Mbovu? Hapana. Basi mwezi wa Novemba umeme ukakatika kama kawaida yake, mashine ikawashwa tena, na mbegu zote ghalani zikahesabika safi, hata zile zilizokwisha kufa.

Siku chache baadaye Edward akaenda Zuzu kwa mama yake, Dorkasi, na mfuko wa mtama wenye kibandiko cha kampuni. Mama alikuwa na mbegu zake: masuke aliyoyachagua mwenyewe wakati wa mavuno, akayatundika juu ya meko moshi uyakinge na wadudu. Edward akayatazama kama mtu aliyekuta panya kwenye chungu cha mboga.

"Mama, mpaka leo mnapanda masizi? Hizi hapa zimepitishwa na programu yangu. Yangu mimi!"

Maskini mama wa watu, fahari ikamjaa mpaka machozi. Akayateremsha masuke, akayapura, akayasaga yote, akampikia mwanawe ugali. Edward akala, akashiba, akaomba maji ya kunawa. Kesho yake Dorkasi akapanda kwenye mavumbi kabla ya mvua, kama wafanyavyo wengi huko, shamba zima, huku akimtangazia kila apitaye kwamba mbegu hizo ni za mwanawe.

Desemba mvua ikanyesha vizuri. Mashamba ya jirani yakachipua. La Dorkasi likabaki udongo mwekundu mtupu, na Dodoma anayekosa mvua za kwanza amekosa mwaka mzima.

Malalamiko yakaanza kufika ofisini. Yasinta akazima mashine mbele ya Edward, akaiwasha, akamwonyesha: hakuna alama hata moja iliyobaki. Edward akaitafuta shehena ya mfuko wa mama yake. Ilikuwa imeshindwa vibaya kwenye upimaji. Aliomba ruhusa akaenda Zuzu, na njia nzima alijiambia atasema ukweli.

Akamkuta mama amepiga magoti shambani, anafukua kwa vidole, na majirani wawili wamesimama mpakani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Kisha, kabla Edward hajafungua kinywa, Dorkasi akawageukia majirani. "Msimseme mwanangu. Kaniletea mbegu nzuri, zimepimwa na mashine. Ni mimi. Mikono imezeeka, nimezifukia chini mno."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mwana mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo na shati lake lililopigwa pasi. Alijua. Sentensi moja tu ingemvua mama yule aibu. Majirani wakamtazama, wakingoja mtaalamu aseme neno.

Edward akakohoa. "Ndiyo hivyo, mama," akasema. "Siku nyingine uwe unauliza kwanza kina cha kupandia."

"Nimesikia, baba. Nisamehe," akajibu Dorkasi, akaendelea kufukua.