Sosiot Kumi na Mbili za Chepchirchir

Chepchirchir wa Mogogosiek hajawahi kupanda ndege na hana haja nayo. Anasema kukaa saa nane bila kusimama ni kazi ya kuku anayeatamia.

Lakini kazi ya mikono yake imefika Kanada, Dubai na Ujerumani. Kila mtu wa kijijini anapoombewa safari, yeye hufika na sosiot, zile brashi za ufito wa mkindu ambazo akina mama husugulia kibuyu cha mursik, maziwa yanayogandishwa humo siku kadhaa pamoja na unga wa makaa. Zake ni fupi, urefu wa kiganja, zimezungushiwa shanga kwenye mpini. Masharti ni matatu: mpe mtu usiyemjua, usipokee chochote, na umweleze ni ya nini. Akiulizwa kwa nini anajisumbua, hujibu kwamba amechuma majani chai miaka ishirini na sita, watu wa mbali wameyanywa, na hakuna hata mmoja aliyejua kama yeye yupo.

Januari alimpa Nelvine, binti ya kaka yake, aliyekwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi. Aprili ikaja picha kwenye simu. Bibi mmoja mzungu, aliyepewa zawadi hiyo kwenye kituo cha basi, alikuwa anatabasamu bafuni kwake. Sosiot ilining'inia kando ya choo, imelowa.

Jirani yake Esnah, mzaliwa wa upande wa Kisii, alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

"Dada, hiyo imekushinda," alisema. "Imeingia choo cha ndani kabla yako."

Kufikia Jumamosi kituo kizima cha kuuzia majani kilikuwa na habari. Chepchirchir akampigia Nelvine kuuliza alimwambia nini yule bibi. Nelvine akazungusha maneno, mwisho akakiri: alisema tu ni ya kusafisha. Aliona haya kutaja maziwa na makaa katika sentensi moja.

"Wazungu wangesema sisi ni wachafu, senge," alijitetea, akimwita shangazi kwa lugha ya nyumbani.

"Sasa wameona usafi wetu. Tunawasugulia choo."

Akamwamuru arudi kwa yule bibi akaseme ukweli. Mpaka leo Nelvine anasema basi halipiti huko.

Chepchirchir akatangaza kwamba hatatuma nyingine. Heri kutojulikana kabisa kuliko kujulikana kwa uongo. Bahati mbaya Pasta Bethwel, aliyebakiza wiki tatu kwenda mkutano wa makanisa Korea, alikuwa ameshatangaza madhabahuni kwamba atabeba sosiot kumi na mbili, moja kwa kila mtume. Alipozijia akanyimwa. Akahubiri juu ya kusamehe, kwa dakika ishirini, akiwa amesimama kwenye matope. Chepchirchir alimwacha amalize, kisha akamuuliza sosiot inatumiwaje.

"Inasugua ndani," Pasta alisema.

"Halafu?"

"Halafu wamama wanajua."

Mtu aliyelelewa kwa mursik miaka hamsini. Chepchirchir akaleta kibuyu kichafu, maji, na kijiti kinachowaka cha senetwet, mti unaotoa makaa ya mursik. Akamwambia aoshe, asugue kwa makaa, atie maziwa. Yakifaa kunywewa, atapewa zote. Yasipofaa, aende Korea na Biblia peke yake.

Pasta alitazama njiani kuona nani anapita. Mwanamume wa huku haoshi kibuyu, seuze mchungaji. Aliyepita ni Esnah, tena kwa makusudi, na ndoo isiyo na kitu. Pasta akavua koti.

Mikono iliyobatiza watu mia tatu iliungua mara mbili. Makaa yalijaa kwenye kola. Kibuyu cha kwanza kilinuka siku ya tano, akaitwa kuanza upya, na safari hii alisugua hadi shingoni mwa kibuyu bila kuangalia njia.

Siku mbili kabla ya ndege, Chepchirchir alimimina kikombe, akanywa, akampa Esnah. Wakatazamana.

"Inanyweka," Esnah alisema, kama mtu anayelipa faini.

Chepchirchir akatoa sosiot kumi na mbili, akazishikilia.

"Mimi ni Mkorea," alisema. "Nieleze."

Pasta akaanza na mti wa mkindu ukiwa bado msituni, akaja polepole kwenye makaa, na alipokuwa hajafika hata kwenye maziwa Esnah aliaga akaenda kukamua.