Majaruba Ndani ya Kioo cha Mwalimu

Mwaka huu nilirudi Mwamkulu, karibu na Mpanda, kupiga picha za tope. Nasema tope kwa sababu kazi ilianzia hapo. Nilisimama juu ya tuta la jaruba la mpunga la bibi, nikaielekeza kamera chini kabisa, nikangoja wingu lifunike jua. Picha ya aina hiyo haitaki kivuli. Itapangwa kando kwa kando na nakala zake kama vigae vya sakafuni, na kivuli kimoja kikiingia, jicho litakiona kikijirudia kila mahali.

Jirani mmoja, mama wa makamo, alikuwa akipandikiza miche kwenye jaruba la pili. Alinitazama kwa muda, kisha akanyoosha mgongo. Siku hizi mtu akionekana bondeni na kamera hudhaniwa mambo mawili tu, mpima ardhi au dalali.

"Wewe dalali," aliniambia, "ukimaliza hapo kwa marehemu, kwangu usivuke. Sisi hatuuzi."

Nikamwamkia, nikamweleza kwamba mimi ni mjukuu wa huyo marehemu, na kwamba picha ni za kuweka kwenye gemu la kompyuta. Akanikagua kuanzia buti hadi kichwani. "Mtu mzima na mvi hizo, gemu," alisema, si kwangu bali kwa miche yake, akarudi kuinama.

Kuhusu dalali hakukosea sana, isipokuwa alichelewa. Dalali alikuwa ameshapita. Mjomba, ambaye ndiye aliyerithi shamba, alikuwa ameshauza, na mnunuzi alimwachia alime msimu mmoja wa mwisho. Baada ya mavuno katapila lingekuja kusawazisha matuta, kisha vipimwe viwanja. Kwa hiyo nilikuwa na mpunga wa msimu mmoja, na nilihitaji kila hatua yake: maji matupu, miche, kijani, masuke, dhahabu. Ili uelewe nilizihitaji kwa kazi gani, ndugu yangu, lazima nikurudishe nyuma kidogo, kwanza shambani, halafu sebuleni kwa mwalimu.

Shule ikifungwa, kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Tulifunga kamba kutoka mti hadi mti, tukaning'iniza makopo yenye kokoto, na mtu akivuta upande mmoja bonde zima lilirindima. Nilianza ndege wanapoamka, na jua likiwa kali wakaenda kivulini, nami nikaenda kula. Bibi alipika ugali wa muhogo na migebuka iliyokaushwa kwa moshi, wale samaki wa ziwani, na harufu ya moshi wake ilinifuata shambani kwenye vidole hadi jioni. Mavuno yakianza, chakula kilibadilika. Wali wa mpunga mpya hauhitaji mboga ya kujisifu. Tuliula na maziwa ya mgando kutoka kwa majirani zetu wafugaji, waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na mtoto wao ndiye aliyekuwa rafiki yangu mkubwa.

Bibi hakuwa mkali kwa mambo mengi. Nguo ikichanika alishona, chungu kikivunjika alifagia. Lakini bondeni kulikuwa na sheria moja, nayo haikuwa na mjadala: mtu anapita juu ya tuta. Hata kama unaitwa, hata kama mvua inakuja, hata kama nyoka yuko mbele yako, unazunguka kwa kufuata tuta. Shina likilala, aliliinua kwa mikono miwili na kulikandika tope chini kama anayemfunga mtu bandeji, huku akisema kwamba mpunga uliokanyagwa hausimami tena, unajaribu tu.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuja na kompyuta kwa treni kutoka Tabora, imefungwa kwenye blanketi. Aliiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma, na Jumamosi mchana, umeme wa jenereta za mji ukiwepo, alituruhusu kuingia. Ilibidi kwanza tuoshe miguu nje kwa kata ya maji. Sijui ni mtikisiko wa treni au ni uzee, lakini kioo cha kompyuta ile kilikuwa kimekufa rangi nyekundu. Vilivyobaki ni kijani, buluu na weusi. Moto uliwaka kijani. Watu walikuwa na nyuso za buluu kama waliotoka kaburini. Mwalimu alitueleza kasoro hiyo siku ya kwanza, tukaitikia, tukaisahau.

Gemu lilikuwa moja tu. Mtu aliyebeba mzigo kichwani anavuka nchi, akiwahi kufika kwenye lango kabla halijafungwa, na majambazi wanamfukuza. Sisi tulimwita Mpagazi. Nchi ya kwanza ilikuwa msitu, ya pili mto, na tuliziweza. Nchi ya tatu ilikuwa uwanda wa miraba ya kijani iliyoiva, na kati ya mraba na mraba kulikuwa na mistari ya kijani mbichi. Hakuna mtoto wa Mwamkulu aliyehitaji kuambiwa kile ni nini. Hata hivyo, kwa kuwa lilikuwa gemu, tulikatiza katikati.

Siku moja bibi alikuja kunifuata, kwa sababu ndege walikuwa wameshuka na mimi sipo. Mwalimu alimkaribisha kiti. Alikaa, akatazama kioo kwa utulivu wa mtu anayetazama shamba la mwenzake. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa akicheza.

"Huyo mtu wenu," bibi aliuliza, "anakanyaga mpunga wa nani?"

Tukacheka, yeye hakucheka. Tukamwambia ni picha tu. Akasema anaona kuwa ni picha, lakini aliyeichora ameweka matuta, na matuta hayawekwi bure. Mwalimu alisafisha miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyotumia darasani, kwamba kuanzia siku hiyo nyumbani kwake Mpagazi atapita juu ya tuta.

Na ikawa hivyo. Kuzunguka kulitugharimu. Majambazi hawakuwa na bibi. Wao walikatiza, wakatupata kila mara kabla ya lango. Aliyejaribu kuiba hatua mbili ndani ya mraba alizomewa na chumba kizima: "Toa ng'ombe wako shambani!" Rafiki yangu, ambaye ng'ombe walikuwa wa kwao kweli, alijibu kwamba hata ng'ombe wa baba yake wana adabu kuliko sisi. Tulicheza hivyo mpaka mwalimu alipohamishwa na kuondoka na kompyuta yake. Hakuna aliyewahi kuona nchi ya nne.

Miaka baadaye, nikiwa kijana, nilikwenda Tabora kujifunza ufundi wa redio, na huko nikalikuta gemu lile kwenye kioo kizima. Nchi ya tatu haikuwa na mpunga. Ilikuwa ua mkubwa wa matofali ya kahawia, na mistari ile ilikuwa viungio vya njano kati ya tofali na tofali. Hesabu yake ni rahisi ukishaijua: toa nyekundu kwenye kahawia, kinachobaki ni kijani iliyoiva, itoe kwenye njano, unabaki na kijani mbichi. Nilielewa papo hapo. Lakini nilisimama pale kama mtu aliyekuta bonde la bibi limechomwa likawa matofali.

Leo natengeneza simu na kompyuta karibu na soko la Mpanda, na kwa miaka kadhaa nimo kwenye kundi la watu wa nchi nyingi wanaolifufua gemu hilo. Waliolitengeneza waliliacha zamani. Sisi hatuligusi lenyewe, mwendo wake na sheria zake zinabaki vilevile. Tunachora upya kila picha, kwa ukubwa na uwazi unaofaa vioo vya sasa, na gemu linavaa picha hizo badala ya zile za zamani zilizoundwa kwa nukta kubwa. Hatulipwi. Mimi sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kusoma, kukosea na kupima, na kundi likanipa nichore ardhi ya nchi ya tatu kwa sababu walijua sikabidhi kazi nusu.

Nilichora matofali yao. Nadhani ni matofali mazuri. Kisha nikamwandikia msimamizi wa kundi, mtu wa nchi za baridi ambaye sijawahi kumwona, nikamweleza kuhusu kioo cha mwalimu na kuomba mpunga uwekwe badala yake. Alijibu kwa heshima kwamba kazi yetu ni kuonyesha vizuri kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni matofali. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana. Lakini aliongeza kwamba naweza kutoa mpunga kama kifurushi cha pembeni, akitumie anayetaka, kwa masharti mawili: kiwe kimekamilika kwa kila hali ya ardhi inayotokea kwenye gemu, na kiwahi kabla hawajafunga toleo. Kifurushi pungufu hawapokei.

Nikajiwekea na sharti langu: hakuna kitakachobuniwa. Kila kigae kitatoka kwenye shamba lenyewe, kwa kuwa msimu ujao hapatakuwa na pa kurudia.

Kwa hiyo nilikwenda na kurudi msimu mzima. Nilijifunza kwamba asubuhi ya mawingu baada ya mvua ndiyo bora, na kwamba maji hayapigwi picha upepo ukivuma. Jirani alinizoea. Kuna siku alinishikia ncha ya fimbo yenye kamera, huku akiniuliza kama kwenye hilo gemu ndege wapo, na nilipomwambia hawapo akasema basi wanaocheza wanapumzika sana. Nikapata maji, miche, kijani, masuke, na mwishowe dhahabu. Nikapata tuta lenyewe, na nyasi zake, na mashimo ya kaa.

Kilichokosekana kilikuwa kigae kimoja. Katika gemu la asili, Mpagazi akikatiza juu ya matofali anaacha alama za miguu kwenye vumbi, na alama hizo hazifutiki. Kwenye kioo cha mwalimu hazikuonekana, zilimezwa na kijani. Lakini nafasi ya picha hiyo ipo, na ni lazima ijazwe. Nilihitaji mpunga uliokanyagwa.

Nilijaribu kwanza kuulaza kwa kuchora. Ulionekana mpunga uliolazwa na upepo, ambao ni kitu kingine kabisa. Upepo hulaza shamba upande mmoja, mguu hutawanya. Nikakanyaga nyasi nyuma ya nyumba, nikapiga picha. Zikaonekana nyasi. Nilipita juu ya matuta ya bonde zima nikitafuta mahali ambapo mtu au mnyama aliingia, sikupata. Watu walikuwa bado wanalinda mashamba waliyokwisha kuyauza.

Mavuno yakafika. Mjomba na vibarua wake walivuna majaruba yote isipokuwa moja la pembeni, lililochelewa kukauka. Katapila lilikuwa limeshashushwa barabarani. Nikamweleza mjomba shida yangu, naye akanishangaa kwa kuuliza.

"Si ukanyage tu, mjomba," alisema. "Hilo chuma likija litakanyaga lote, halitaomba."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa na mawingu. Nilivua buti nikaziweka juu ya tuta. Jirani alikuwa kwake na mundu mkononi, akifunga miganda. Alielewa ninachotaka kufanya kabla sijaanza, maana aliacha kazi.

"Mjomba wako kakuruhusu?" aliuliza.

"Karuhusu."

"Na bibi yako?"

Aligeuka akaendelea na miganda yake, akanipa mgongo, na nikaona kwamba ananisitiri.

Nilisimama pale mpaka nikaona wingu linaanza kukatika. Nilijiambia kwamba nikirudi bila picha hii, yote niliyokusanya yatabaki kwenye mashine yangu, na bonde hili halitaonekana na mtu mwingine tena. Nikashuka. Usingedhani mpunga mkavu una sauti. Una sauti ndogo, kama mtu anayevunja njiti za kiberiti chumba cha pili. Nilitembea kama Mpagazi anavyotembea, moja kwa moja, kona hadi kona, bila kurudi nyuma kurekebisha. Kisha nikapanda juu ya tuta na kupiga picha zangu, kwa utaratibu, hatua moja baada ya nyingine.

Nilipomaliza niliokota masuke yote niliyoyalaza. Sikujaribu kuyasimamisha. Niliyapeleka nyumbani, mke wangu akayatwanga, ukapatikana wali wa sahani ndogo. Tuliula na maziwa ya mgando, yale ya pakiti kutoka dukani, ambayo si yale.

Kifurushi kimepokelewa. Kilikuwa kamili, na msimamizi aliandika kwamba hajawahi kuona ardhi yenye ukweli kama ile. Katapila limepita. Bonde ni tambarare sasa, lina mawe meupe ya mipaka, na bodaboda wanakatiza humo kuwahi barabara kuu. Jirani hakuuza, jaruba lake limebaki peke yake, na maji yanamfikia kwa shida kwa sababu mfereji ulipita kwetu. Nikienda kumsalimia nakatiza na mimi kama wengine, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuzunguka. Lakini ndani ya kioo mpunga umesimama, na Mpagazi yeyote atakayekatiza shamba la bibi, awe anachezwa hapa Mpanda au huko kwenye baridi, alama atakazoziacha nyuma yake ni za miguu yangu.