Bi Fusae na Salamu ya Darajani

Bi Fusae Nagumo alikuwa na kanuni moja kazini, na aliishika kwa miaka ishirini na sita. Gari lako la kampeni likikutana na gari la mpinzani, unapunguza sauti, unamtaja mpinzani kwa jina lake kamili na kwa heshima, unamtakia mapambano mema, kisha unaendelea na yako. Hiyo si sheria ya serikali, na hakuna aliyewahi kukamatwa kwa kuivunja. Ni adabu ya wanawake wa maikrofoni, ambao kwetu tunawaita kurumbiza, kwa jina la ndege anayeimba vichakani kabla maua ya masika hayajachanua.

Siku za kawaida alifungasha vitunguu kwenye ghala la chama cha wakulima hapa Minakawa. Uchaguzi ukiitishwa, mjini kwetu au katika miji miwili ya jirani, alivua aproni, akavaa glavu nyeupe, akakaa kiti cha mbele upande wa kushoto, akatoa mkono dirishani na kupunga kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Alikuwa na kipaji ambacho hakifundishwi. Alimwona bibi anayeanika figili ghorofani wakati sisi wengine tulikuwa bado tunaitafuta nyumba. "Mama wa figili pale juu, asante kwa kutupungia mkono!" Bibi alikuwa hajapunga kitu. Lakini akisikia hivyo, anaweka figili chini na kupunga mikono yote miwili.

Aliwafanyia kazi watu wa kila namna: wahafidhina, wakomunisti, wasio na chama, hata bwana mmoja aliyetaka kujenga uwanja wa ndege katika mji wa watu elfu sita. Watu walimuuliza, "Fusae, hasa wewe uko upande gani?"

"Upande wa kushoto, kiti cha mbele," alijibu. "Kulia anakaa dereva."

Yalikuwa majibu ya mzaha, na kwa miaka mingi yalitosha. Kisha kikaja kisa cha mlima.

Kampuni moja ilitaka kusimamisha mapangaboi ishirini ya umeme wa upepo juu ya mlima ulio nyuma ya mji wetu. Ndani ya mwaka mmoja tukagawanyika kuwa watu wa Ndiyo na watu wa Hapana. Sitasema nani alianza, kwa kuwa kila mmoja ana tarehe yake. Nitasema tu tulikofika. Mwanamke wa Ndiyo alivuka mji mzima kwenda kununua tofu, ile jibini ya soya, kwa muuzaji wa Ndiyo, huku muuzaji wa Hapana akiwa mlango wa pili. Chama cha wazee cha getiboli, mchezo wetu wa kupitisha mipira kwenye vigoli vitatu kwa nyundo za mbao, kilivunjika na kugawana mali. Ndiyo walichukua vigoli viwili. Hapana walichukua kigoli kimoja na nguzo ya kumalizia. Hakuna upande ulioweza kucheza. Kila asubuhi wazee walikuja uwanjani, kila kundi kwenye pembe yake, wakakaa na vigoli vyao magotini na kutazamana.

Bi Fusae alikuwa na maoni yake, na hili nalisisitiza, maana wengi hudhani anayekaa katikati hana maoni. Yeye aliona mapangaboi sita au saba yangetosha, yajengwe mbali na chemchemi, na kampuni iandike mapema nani atayabomoa yakichakaa. Lakini hakuna gari lililobeba maoni hayo. Lililokuwapo ni gari la Bwana Tetsuji Kuwabara, mkandarasi, wa Ndiyo, na gari la Bi Sumiko Iwakiri, mwalimu mkuu mstaafu, wa Hapana. Wote wawili walikuwa wanagombea umeya. Kuwabara alimwita kwanza, naye akakubali, kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi yake: anayekuja kwanza anahudumiwa kwanza.

Aliyesimamia kampeni ya Kuwabara aliitwa Bwana Muneoka. Huyu ndiye aliyepanga magari ya kampeni katika miji yote mitatu, na kurumbiza asiye kwenye daftari lake alibaki na vitunguu vyake. Asubuhi ya siku ya kwanza alimpa Bi Fusae karatasi.

"Safari hii hakuna salamu," alisema. "Mkikutana nao, unasoma hii."

Karatasi ilisema: *Mwalimu wa jana, mlima si daftari lako. Acha watoto wetu wapate kesho yao.*

Bi Fusae aliisoma mara mbili. "Bosi, hii haina jina lake."

"Ndiyo, haina. Kwa nini tumtangazie jina bure?"

"Mwaka ule wa uwanja wa ndege nilimtaja mpinzani mara arobaini, na bado tulishindwa kwa sababu nyingine kabisa."

"Dada Fusae, huu si wakati wa vichekesho. Hii ni vita."

"Vita ina likizo ya saa mbili usiku?" aliuliza. Mzee Hatta, dereva, alijifanya kufuta kioo ili asionekane akicheka.

Alikunja karatasi na kuitia mfukoni. Siku ya kwanza na ya pili magari hayakukutana. Mzee Hatta alijua njia zote, na nadhani alizichagua kwa makusudi. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, bahati ikawaishia kwenye daraja la Sawatari.

Daraja hilo hupitisha gari moja. Gari la Kuwabara lilikuwa limeshaingia, limefika kama theluthi ya njia, gari la Iwakiri lilipotokea upande wa pili na kuingia nalo. Yakasimama pua kwa pua. Mimi nilikuwa nyuma ya gari la Iwakiri, ndani ya basi dogo linalowapeleka wazee kuoga kwenye kituo chao, nimemsindikiza mama mkwe wangu. Humo wazee walikuwa kumi na mmoja, wa Ndiyo na wa Hapana, wamekaa pande mbili za basi kama mashabiki wa timu. Nyuma yetu lilikuwa limekwisha kufika lori la mchanga. Sisi tusingeweza kurudi. Nyuma ya gari la Kuwabara barabara ilikuwa tupu kabisa.

Maikrofoni ya gari la Iwakiri ilishikwa na Bi Setsuko Hamuro, shoga wa Bi Fusae wa miaka mingi. Naye pia alikuwa amekatazwa kusalimu. Nilimwona kwa nyuma, glavu imetulia hewani, haijui ipunge au ishuke.

Kwa muda kidogo hakuna gari lililosema kitu. Kwa magari ya kampeni hilo ni jambo la aibu kubwa. Kina mama waliokuwa wakipalilia vitunguu kando ya mto waliinuka kutazama kilichoharibika.

Ndani ya gari la Kuwabara, kama Mzee Hatta alivyonisimulia baadaye, Bwana Muneoka aliinama kutoka kiti cha nyuma. "Soma karatasi. Na Hatta, usirudi nyuma hata hatua moja. Kuna mtu anapiga picha kule."

"Kuna basi la wazee, bosi," alisema Mzee Hatta.

"Wasubiri. Gari letu halirudi nyuma."

Bi Fusae alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaitazama, akaikunja tena. Alijua daftari la Muneoka. Alijua pia kuwa akiisoma, mwaka ujao atakuwa kwenye kiti hiki, na mwaka utakaofuata. Kisha akawasha maikrofoni, na sauti aliyoitumia ilikuwa ileile aliyomtolea mama wa figili.

"Mheshimiwa Sumiko Iwakiri, mgombea umeya, poleni na kazi ya siku ya tatu. Sisi wa Tetsuji Kuwabara tunawatakia mapambano mema. Na wazee wetu mlio kwenye basi, maji ya kuoga yasipoe kwa ajili yetu. Tunawapisha."

Kisha akamgeukia dereva. "Mzee Hatta, twende nyuma."

Mzee Hatta alikuwa na umri wa miaka sabini na moja na hakuwahi kukiuka agizo lolote. Aliweka gia ya nyuma.

Basi zima lililipuka. "Kuwabara anarudi nyuma!" alipiga kelele mzee mmoja wa Hapana akigonga kioo. "Piga picha! Piga picha!"

"Anampisha nani? Anakupisha wewe, mzee mchafu, ukaoge!" alijibu mama mkwe wangu, wa Ndiyo. Hata wa Hapana walicheka, na yule mzee akacheka zaidi ya wote, maana kweli ilikuwa siku yake ya kuoga.

Gari la Iwakiri lilipopita, Bi Setsuko alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetereka. "Mheshimiwa Tetsuji Kuwabara, tunashukuru kwa adabu yenu. Nanyi tunawatakia mapambano mema." Glavu mbili nyeupe zilipungiana dirisha kwa dirisha, na daraja likawa wazi.

Bwana Muneoka alimshusha Bi Fusae mbele ya ghala la vitunguu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ulikuwa sauti nzuri kuliko zote. Sasa nenda kapumzike."

"Glavu nirudishe?"

"Kaa nazo."

Jioni picha ya gari likirudi nyuma ilikuwa imezunguka kwenye kila simu. Wa Ndiyo walimwita msaliti. Wa Hapana walimwita shujaa, na hapo ndipo niliposhangaa jinsi alivyojibu. Kesho yake mtu wa Iwakiri alikuja nyumbani kwake na sanduku la matunda ya persimoni yaliyokaushwa.

"Mama, njoo kwetu. Kiti kipo. Siku mbili zimebaki, na mji mzima unakutaja."

"Siwezi. Jana nilikuwa nawatangazia watu jina la Kuwabara. Leo nitangaze la Iwakiri, watu watajua sauti yangu haina maana yoyote."

"Lakini ulituunga mkono darajani."

"Sikuwaunga mkono. Niliwasalimu." Alilisukuma sanduku nyuma kwa vidole viwili. "Mwalimu mkuu ni mtu mwema, ila angekuwa mbaya ningemtaja vilevile. Na mwambie na yeye gari lake liliingia darajani likiona kabisa kuna gari."

Mtu huyo aliondoka na persimoni zake. Tangu siku hiyo wa Hapana nao wakaacha kumwita shujaa.

Kuna watu, wasomi pia, wanaoniambia kwamba mtu wa katikati ni mwoga anayengoja kuona nani atashinda. Wapo wa namna hiyo, nawajua, na siwaheshimu. Lakini mwoga angesoma ile karatasi, au angeupokea ule mzigo wa persimoni. Wala sisemi ukweli hukaa katikati siku zote. Mara nyingine upande mmoja una haki na mwingine hauna. Nasema tu kwamba mtu unayempinga ana jina, na kwamba ukishindwa kulitamka kwa sauti ya kawaida, kuna kitu kimeharibika ndani yako na si ndani yake.

Bi Iwakiri alishinda kwa kura arobaini na moja. Hadi leo mlima hauna pangaboi hata moja, na wala mpango haujakataliwa. Baraza linajadili mapangaboi manane. Bi Fusae anasema bado limezidi moja.

Wiki mbili baada ya uchaguzi, mama mkwe wangu na yule mzee wa kuoga walikwenda ghalani pamoja, kila mmoja akitazama upande wake. Walikuwa wamechoka kukaa na vigoli magotini. Wangekubali kuviunganisha, walisema, ila hawakumpata mwamuzi ambaye upande wa pili ungemwamini.

"Na mimi mnaniamini?" aliuliza Bi Fusae.

"Hapana," alisema mama mkwe wangu. "Sisi tunakuchukia."

"Na sisi pia," alisema mzee. "Ndiyo maana tumekuja kwako."

Sasa kila asubuhi, kabla ya vitunguu, anasimama katikati ya uwanja wenye vigoli vyote vitatu na nguzo yake, amevaa glavu nyeupe. Anatangaza kila pigo la mpira kwa jina kamili la mpigaji, na ukiwa barabarani unaweza kusikia jinsi anavyowapongeza wanaokosa. Bado wanatukanana sana. Ila mzee wa kuoga sasa hununua tofu kwa muuzaji wa Ndiyo aliye jirani yake, kwa kuwa njia ni fupi.

Anapenda kazi hiyo, lakini si ile aliyoipenda kuliko zote. Bwana Muneoka alifuta jina lake kwenye daftari, na chaguzi nne zimepita tangu siku ile. Bi Fusae hajapanda tena gari la kampeni.