Mkanda wa Baba Ndani ya Seli ya Mtaliano

Hasira hii ninayo tangu siku niliyopewa kazi ya kujenga jela ndani ya nyumba ya makumbusho, hapa Elisabethville, mji wa migodi wa Kongo ya Wabelgiji, na sioni aibu kuisema. Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma. Muzungu aliyesimamia makumbusho, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, aliniita kwa sababu nilikuwa seremala anayejua kusoma mchoro. Alitaka nimtengenezee seli ya mfungwa wa wakati wa vita: Mtaliano mmoja aliyeshukiwa kuwa mpelelezi, akafungwa miezi minne katika gereza la mji wetu, akawa anachonga vinyago vya wanyama. Wazungu wa mjini walimpenda. Eti aliteseka sana.

Haya. Nikapiga mbao, nikapaka chokaa. Nikaweka kitanda cha chuma chenye godoro, meza, na dirisha ambalo mtu angeweza kutolea kichwa. Nilimwuliza kama wafungwa wote walilala hivyo. Akacheka, akasema, "Weusi wana mikeka yao, wamezoea." Nikaendelea kupiga misumari.

Baba yangu alikamatwa wakati wa vita hivyo hivyo, wiki ile wafanyakazi wa kambi yetu walipokataa kushuka mgodini mpaka waongezewe posho. Hakuwa kiongozi wa mtu yeyote. Alionekana kwa sababu alikuwa mrefu, basi. Mama alipokwenda gerezani kumwona, wakamwambia amehamishiwa gereza la Sakania. Akapanda treni mpaka Sakania. Kule wakamwambia hawamjui, pengine yuko Mokambo. Akarudi kwenye lango la gereza la mjini kuuliza upya. Miaka kumi na mmoja bila habari! Na kwetu, sisi watu wa kaskazini, humfanyii kilio mtu ambaye hujaona maiti yake wala kuletewa kitu chake. Kumlilia aliye hai ni kumwua kwa mdomo. Kwa hiyo baba mukubwa, kaka yake baba, alikataa kabisa msiba kufanyika. Mama hakunyolewa nywele, hakutakaswa ujane, hakuweza kuolewa tena. Alikaa Naviundu, pembeni mwa mji, akiuza mihogo, si mke wa mtu wala mjane wa mtu, na wanawake wenzake sokoni wakinong'ona kwamba mume alimkimbia.

Siku ya mwisho ya kazi likaletwa sanduku la vitu kutoka stoo ya gereza, vya kupambia seli. Bakuli, blanketi, na mkanda. Nilipoushika mkanda ule niliutambua. Ulikatwa kutoka mpira wa mashine ya kambi, bizimu yake ni waya mnene wa shaba aliokunja baba mwenyewe, na tundu la mwisho lilikaa upande. Tundu lile alilitoboa mama kwa msumari wa moto, baba alipokonda kwa malaria, mimi nimeshika ncha ya pili.

Kila mtu aliyepitia gereza lile alijua utaratibu. Ukiingia unavua mkanda, nao unafungwa kibati chenye namba yako. Ukihamishwa au ukiachiwa, unarudishiwa. Mkanda ukibaki stoo, mwenyewe hakutoka kwa miguu yake.

Nikamwambia yule muzungu, "Musye, huu mkanda ni wa baba yangu. Nipe nimpelekee mama."

Hata hakugeuka. "Ni mkanda tu, fundi. Sasa ni mali ya makumbusho. Utundike pale juu ya kitanda."

Na mimi, mpumbavu mkubwa, nikautundika! Kwa mkono huu huu. Mpaka leo nikikumbuka natamani kuupiga huu mkono.

Nikaenda kwa baba mukubwa, nikamweleza. Akaniambia, "Siwezi kulilia maneno yako. Niuone na macho yangu." Basi Jumamosi ya ufunguzi tukaenda sisi watatu, mama, baba mukubwa na mimi. Weusi tuliruhusiwa kuingia baada ya wazungu, kwa mlango wa nyuma. Wageni wachache walikuwa bado mle ndani na glasi zao za divai.

Baba mukubwa aliutazama ule mkanda muda mrefu. Akavua kofia, akavua viatu, akaketi sakafuni.

"Mudogo wangu alikufa," akasema. "Mama ya batoto, lia sasa. Leo iko ruhusa."

Mama akaanguka chini, akalia. Mungu wangu, sijawahi kusikia mtu akilia vile. Miaka yote ile ilitoka kwa kinywa kimoja. Wageni wakasogea kutazama. Na yule muzungu, jamani, yule muzungu akawageukia, uso umechangamka, nikamsikia akiwaambia kwa Kifaransa: tazameni, hata weusi wanamlilia Mtaliano wetu! Bibi mmoja akatoa leso, akajipangusa macho.

Nikapasuka. "Anamlilia mume wake!" nikapiga kelele kwa Kifaransa hicho hicho. "Mkanda huo ni wa mume wake! Mlimfunga hapa hapa mjini, mkamficha!"

Nilingoja aite polisi. Hakuita. Alisogea, akageuza kibati kilichokuwa bado kwenye mkanda, akasoma namba, akafungua daftari lililokuja pamoja na sanduku. Haikuchukua hata muda wa kuwasha sigara. Siku nilipomwomba angeweza kufanya hivyo hivyo.

"Ndiyo," akasema. "Huyu alikufa wiki ya kwanza. Imeandikwa." Kisha akaniangalia kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule ndio ulioniua. "Lakini hakuna mtu aliyekuja kuuliza?"

Mama hakujua Kifaransa. Akanishika shati. "Anasema nini?"

Nilitaka kumdanganya, ulimi ukakataa. "Anasema baba alikufa wiki ya kwanza. Anauliza juu ya nini hakuna muntu alikuya kuuliza."

Kilio kikakatika. Mama akasimama, akavuka kamba ya kuzuia wageni, akautoa mkanda kwenye msumari, akajifunga kiunoni juu ya nguo yake. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Umuambie ni miye nilikuya," akasema. "Umuambie kila siku ya Mungu, mpaka baaskari ba ku mulango bakajua jina yangu."