Mama Masikio Akataa Jibu la Kompyuta

Saa tatu asubuhi, chumba cha kanda nyuma ya studio ya redio. Mama Masikio amefumba macho, hedifoni kichwani. Mbele yake kompyuta inadai kwamba anachosikiliza ni wimbo wa mapenzi.

"Mapenzi gani haya ya mbolea na minyoo?" anacheka. Ni hotuba ya bwana shamba. Anabonyeza "Kataa".

Jina hilo la Mama Masikio alibandikwa na wenzake, na ameshalizoea. Kwa miaka sita kazi yake ni kukagua kanda za zamani zinazoingizwa kwenye kompyuta. Programu husikiliza sekunde chache, hulinganisha na nyimbo inazozijua, kisha hujaza jina la wimbo na la mwimbaji. Mara nyingi hupatia. Kati ya rekodi mia na ishirini anazopitia kwa siku, tisa au kumi huwa zimepewa majina ya watu wengine.

Mwaka jana kosa moja nusura lifute sauti ya mtu. Mwanamke aliimba bila ala yoyote, lakini programu ikasema ni wimbo wa bendi fulani ya wanaume, kwa uhakika wa asilimia tisini na saba. Kwa utaratibu wa kituo, rekodi hiyo ilihesabiwa kuwa nakala ya ziada. Ingefutwa Ijumaa, na kanda yenyewe ilishaoza.

"Dada, mashine imeshasema. Unabishana na nani?" mkuu wa maktaba alimuuliza.

"Na yeyote asiyesikiliza mpaka mwisho, bosi."

Mwishoni mwa rekodi kulikuwa na kicheko, kisha maneno: "Haya, turudi kwenye cherehani." Mama Masikio akampigia simu fundi mitambo mstaafu wa kituo, akamsikilizisha. Mzee hakusita: "Huyo ni yule mshonaji wa sare zetu! Bado yupo, nyuma ya soko."

Akaenda siku hiyohiyo, akamkuta bibi amevaa miwani, anatia uzi kwenye sindano. Akamsikilizisha wimbo kwenye simu.

"Sauti yako hii, bibi."

Bibi aliiweka sindano chini, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. "Siyo yangu, mwanangu. Anayeimba ni dada yangu. Mimi ndiye ninayecheka." Dada huyo alifariki miaka thelathini na moja iliyopita. "Watoto wake hawajawahi kumsikia. Niwekee tena."

"Nilitahayari," anasema Mama Masikio. "Nimeisema mashine weee, kumbe na mimi nimebandika jina lisilo lake."

Alijaza jina sahihi Alhamisi jioni. Tangu hapo hakuna rekodi inayofutwa kituoni kabla mtu hajaisikiliza yote.

Zimebaki kanda elfu nne, na wanaozitambua sauti hizo wanazidi kupungua. Sasa ameomba chumba cha mikutano kila Jumamosi, waimbaji na mafundi wastaafu waje wasikilize pamoja. Mkuu ameshakubali kutoa viti kumi na viwili.

"Havitatosha," anasema Mama Masikio, huku akivaa tena hedifoni. "Bibi peke yake ameniambia anakuja na wapwa zake wanane."