Fundi Aliyeogopa Kuuliza

Saa moja na nusu asubuhi, cherehani nane zinanguruma ndani ya chumba kimoja. Mwanamume wa miaka arobaini na moja anatandaza kitambaa cheupe juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, anachora kwa chaki, kisha anachukua mkasi. Wenzake wamempa jina la Ndiyo Bosi, na hawamsingizii.

Leo yuko kwenye majaribio. Karakana inatafuta mkataji, na mkataji hulipwa mara mbili ya mshonaji. Akiharibu, anarudi kwenye cherehani.

"Niliowafundisha kutunga uzi, leo ni mabosi," anasema.

Sababu ya yeye kubaki nyuma anaijua, ingawa alichelewa kuitamka. Alilelewa na baba yake mdogo, mtu asiyerudia neno. Ukimuuliza amesema nini, jibu lilikuwa kofi, tena sikio lilelile. Alipofika darasa la nne, sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Hakumsikia mwalimu vizuri, masomo yakampita, shule akaiacha. Kuuliza si ujinga, husema wahenga, lakini nyumba ile wahenga hawakuwahi kupiga hodi.

"Nikajifunza kusema ndiyo. Ndiyo haipigwi."

Utu uzima ukamkuta na ndiyo yake. Kwenye ajira ya kwanza aliambiwa mifuko ya mashati ikae kushoto. Akasikia nusu, akaitikia, akaishona kulia mashati sitini. Mshahara wa miezi miwili ukaishia kulipia kitambaa, na kazi akaipoteza. Tangu hapo amefukuzwa mara nne, kwa makosa ya namna hiyohiyo.

Mkewe, mpishi wa shule, ndiye aliyebeba kodi ya nyumba. "Nilidhani nimeolewa na mzembe," anasema. "Kumbe mwenzangu bado anamwogopa mzee aliyekwisha kuzikwa." Aliyepiga hakulipa chochote, na hilo linauma.

Mwenye karakana, mama mwenye miwani, anapita upande wa kushoto wa meza akitoa maagizo. Cherehani zinayameza. Fundi anaambulia "mikono mirefu" na "ishirini". Kichwa kinaanza kuitikia.

Kisha anauweka mkasi mezani.

"Samahani mama, sijasikia. Sikio hili ni bovu. Naomba urudie."

Mabega yake yamepanda, shavu amelikaza. Mama anazunguka meza na kusimama kulia kwake.

"Mirefu ishirini tu, fundi. Iliyobaki yote mifupi. Sasa si ungesema siku zote hizo, niwe napitia huku?"

Alikuwa karibu kuikata yote mirefu. Anakata polepole. Kufikia mchana kazi ni yake.

Anataka kuweka akiba anunue cherehani mbili, apange chumba, aajiri mwanafunzi mmoja. Sharti lake ni moja.

"Asiposikia, aniulize. Hata mara kumi," anasema. "Nitachoka, nitakasirika pengine, lakini nitamjibu."